Mgebuka hanuki tope

Ndugu Mhariri,

Kuna kauli iliyozoeleka, kwenye kurasa za mapishi na mezani pia, kwamba samaki wa maji baridi hana ladha: ati ananuka tope, nyama yake ni maji matupu, na mwenye kutaka samaki wa kweli angoje changu au kolekole wa pwani. Naomba nafasi niipinge. Kauli hiyo imewafanya watu wengi wa Tabora, na hata wa hapa Kigoma mjini, wampike mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kama mtu anayeficha jambo: ndimu nyingi, pilipili nyingi, bizari ya kila aina, mpaka samaki mwenyewe hasikiki tena mdomoni.

Nianze na hilo tope, maana harufu hiyo ipo kweli na ina mahali inapotoka. Hutengenezwa na mwani na vijidudu vinavyoishi kwenye maji ya kina kifupi, yaliyotuama, yenye matope. Samaki huivuta kwa matamvua, ikaenda kukaa kwenye mafuta yake, hasa chini ya ngozi na kwenye ile nyama nyeusi ya ubavuni. Kwa hiyo utaikuta kwa kambale na perege wa mabwawa, na kwa samaki wa madimbwi ya mto Malagarasi wakati wa kiangazi maji yanapopungua. Ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Kina chake kinafika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na maji yake ni maangavu. Huko chini kabisa hakuna hata oksijeni ya kumweka samaki hai. Samaki wote wako maji ya juu. Mgebuka na dagaa huishi mbali na ufukwe, kwenye maji ya wazi, wala hawana shughuli na tope.

Basi ukinunua mgebuka akanuka, usiseme ananuka tope. Ameanza kuoza. Hizi ni harufu mbili tofauti na dawa zake ni tofauti. Ya tope hupungua kwa kitu kichachu: ndimu, siki au ukwaju huivunja. Ya kuoza haina dawa jikoni, na ndimu hapo ni kujidanganya.

Sasa dagaa. Dagaa wa Kigoma ni ukoo mmoja na simu na saladini wa baharini, ingawa ziwa letu liko mbali mno na bahari yoyote. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni ukoo mwingine kabisa. Wako karibu zaidi na ningu, samaki wa ziwa hilo hilo, kuliko na dagaa wetu. Ndiyo maana ladha hazifanani, na ndiyo maana mpishi anayewapika kwa namna moja huwakosea wote wawili. Wa Kigoma wako aina mbili: mmoja mwembamba asiyezidi sentimita 10 au hivi, na mwingine anayeweza kufika sentimita 17, ambaye akishakuwa mkubwa wengi humwita lumbu. Huyu wa pili alithaminiwa hata akachukuliwa kutoka ziwa hili na kupandikizwa kwingine: Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Kariba, huko kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, mwaka 1967 na 1968. Kapenta anayesifiwa huko kusini ni dagaa wetu.

Kwa mnunuzi wa Tabora anayeuziwa dagaa wowote kwa jina la Kigoma, kuna jaribio la kidole. Chukua dagaa mmoja mzima, pitisha ncha ya kidole chini ya tumbo kutoka mkiani kuelekea kichwani. Wa Kigoma atakukwaruza kidogo, maana tumboni ana vigamba vigumu vilivyojipanga kama meno ya msumeno. Wa Viktoria ni laini, na mwili wake umebapa zaidi. Rangi peke yake si ya kutegemea, kwa sababu dagaa yeyote akikaa sana hupoteza fedha yake.

Uchungu wa dagaa, ambao watu hudhani ni tabia yake, huanzia ndani ya mtumbwi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Hufuata mwanga pamoja na vidudu vidogo vya majini anavyokula, kwa hiyo anaponaswa tumbo lake limejaa. Akifa, maji ya tumboni yanayosaga chakula hayafi pamoja naye. Yanaendelea kusaga, safari hii yanamla yeye mwenyewe. Akirundikwa kwa wingi mpaka wa chini wanapondeka, akafika mwaloni, pale mitumbwi inapotua, jua limeshapanda na bado amelundikana, tumbo hupasuka na nyongo husambaa kwenye nyama. Huyo hata umkaushe vizuri vipi atakuwa na tumbo la kahawia na ladha chungu. Dawa ni kuwaweka kwenye matenga mafupi, kina kisichozidi kiganja, wafunikwe na kitu kilicholowana, na waanikwe asubuhi ile ile. Mnunuzi naye aangalie matumbo kabla ya kuangalia bei.

Kuanika ni juu ya chanja za wavu, si mchangani. Mchanga ukishaingia kwenye matamvua hautoki, hata uoshe mara saba. Chanja pia hupitisha upepo chini, na upepo hukausha kama jua linavyokausha. Dagaa wapangwe safu moja tu, wageuzwe baada ya saa moja au mbili kabla hawajagandana na wavu, kisha wageuzwe tena kila baada ya muda. Siku ya jua kali moja inatosha kwa wadogo. Lumbu, au siku yenye mawingu, huhitaji ya pili. Aliyekauka huvunjika kwa mlio. Anayepinda bado ana maji. Kilo nne hivi za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu, na anayetaka kilo nzito zaidi kwa kuwauza kabla hawajakauka anauza maji pamoja na ukungu. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, ni bora dagaa wabichi wakaangwe au wabanikwe kwa moshi kuliko kuwaanika nusu nusu siku nne. Hao wa siku nne ndio wanaowafanya watu wachukie dagaa.

Na baada ya kukauka wapoe kwanza. Wakifungwa kwenye mfuko wa plastiki wakiwa na joto la jua hutoa jasho, na ukungu huanza siku ya tatu. Gunia safi au kikapu, juu ya mbao na si juu ya sakafu, mbali na mwanga. Mafuta ya dagaa wa Kigoma ni mengi. Yakipigwa na mwanga na hewa kwa miezi, dagaa hugeuka manjano na kuleta ladha inayokwaruza koo. Hao hata kuku hawafai kupewa kwa wingi. Wakiingia wadudu, waanikwe tena juani siku nzima kwenye kitambaa cheusi, wapepetwe. Dawa ya kuua wadudu isipulizwe kamwe juu ya chakula. Ukisikia harufu ya dawa kwenye dagaa, acha hapo hapo, maana kuosha hakuiondoi.

Kupika dagaa wakavu kwa watu watano au sita chukua gramu 250. Chambua. Vichwa viondolewe kama vimekuwa vyeusi. Kama bado vina fedha viache, vina utamu. Mimina maji ya moto juu yao kwenye bakuli, siyo kuwachemsha jikoni. Subiri dakika tano, mwaga, suuza mara mbili kwa maji baridi, weka kwenye chujio mpaka watone tone la mwisho. Kosa linalorudiwa ni kuwaloweka saa nzima. Nyama hulainika ikawa uji, na utamu wote unamwagwa uani pamoja na maji. Weka kikaango jikoni bila mafuta, wageuze dagaa humo dakika mbili tatu mpaka waanze kunukia, waondoe. Sasa mawese, vijiko vinne vya chakula.

Mawese yanahitaji neno lake. Yapashwe polepole mpaka yawe mepesi na kutulia. Wengine huyaacha mpaka yanafuka moshi na kupauka yakawa kama mafuta ya dukani, wakisema wanaondoa harufu. Wanachoondoa ni rangi, na rangi hiyo ndiyo mwili huigeuza vitamini A, na ladha yenyewe. Kama mawese yako yanakwaruza koo, moto hautayasaidia. Ni ya zamani au yalikamuliwa kwa chikichi zilizokaa chini siku nyingi. Tafuta mengine.

Katika mawese hayo weka vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba. Vikilainika weka nyanya tatu zilizoiva sana, zipike mpaka zivunjike na mafuta yajitenge pembeni. Hapo ndipo dagaa warudi, na nusu kikombe cha maji, dakika tano hadi saba bila mfuniko. Onja kabla ya chumvi. Ndimu ikamuliwe sufuria ikishatoka jikoni, kwa sababu ikichemka huleta uchungu ambao utasingiziwa dagaa. Ugali wa muhogo, mgumu kidogo, ndio mwenzake. Watu wa Tabora wanaokula hivi na ugali wa mtama nao hawajakosea.

Dagaa wabichi wana sheria fupi: suuza haraka, tia chumvi, kausha, kaanga wachache wachache kwenye mafuta mengi yenye moto wa kutosha. Kipande cha kitunguu kikitupwa humo kichemke papo hapo. Dakika tatu au nne. Ukijaza kikaango mafuta hupoa, dagaa huchemka badala ya kukaangika na hunywa mafuta. Usiwafunike baada ya kuwatoa.

Nakuja kwa mgebuka, ambaye ndiye aliyenifanya niandike. Ni samaki mwembamba mrefu, mwindaji, chakula chake kikubwa ni dagaa hao hao na uduvi wadogo wa ziwani. Utamu wake unatokana na hilo. Nyama yake ni laini na ina mafuta ya kiasi, miba yake mikubwa inaonekana na inatoka kirahisi, kwa hiyo hata mtoto anamla. Ulaini huo ndio unaowashinda wapishi.

Katika kumchagua, jicho liwe limetuna na jeusi, si lililozama na kuwa kama maziwa. Matamvua yawe mekundu. Bonyeza mgongo: alama ya kidole irudi. Mgebuka aliyetoka majini alfajiri akikaa bila barafu, saa sita mchana si samaki yule yule. Barafu iwe kilo kwa kilo, iliyopondwa, kwa sababu vipande vikubwa huacha nafasi za hewa na kuponda nyama. Boksi liwe na tundu la kutolea maji chini. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka pamoja na damu huharibika ndani ya baridi. Wengi hutoa matumbo halafu huwaacha na ule mstari wa damu nyeusi chini ya uti wa mgongo. Huo ukwanguliwe kwa ncha ya kijiko mpaka mfupa uonekane mweupe, na matamvua yatoke. Sehemu hizo mbili ndizo huoza kwanza.

Kwa kukaanga, mkate mistari mitatu kila upande, isiyofika mfupani. Kijiko kidogo kimoja cha chumvi kwa samaki wa nusu kilo, mpake nje na ndani, mwache nusu saa. Chumvi itavuta maji. Yafute kwa kitambaa. Hatua hii ya kufuta watu huiruka, ndipo ngozi inaganda kwenye kikaango na samaki anatoka vipande. Mafuta yawe na moto kwanza, kisha moto wa wastani, dakika tano au sita kila upande. Ageuzwe mara moja tu, siyo kila dakika.

Kwa mchuzi, usikoroge. Panga vipande kwenye sufuria pana, mwaga mchuzi wa nyanya na vitunguu ulioiva tayari, maji yafike usawa wa samaki na si juu yake, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi hadi kumi na mbili. Ukitaka kuchanganya, shika sufuria masikioni uitikise. Mwiko ukiingia humo utakula miba na nyama iliyosagika. Binafsi naona nyanya mbili na kitunguu kimoja vinatosha kwa kilo ya mgebuka mbichi, na bizari si lazima.

Mgebuka wa moshi ndiye anayesafiri. Tangu reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 samaki mkavu amekuwa akipanda treni kwenda Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora, zaidi ya kilomita 400 za njia, na mwenye kupokea Tabora anastahili kujua alivyotengenezwa. Mgebuka hupasuliwa mgongoni, akafunguliwa kama kitabu, tumbo likibaki zima. Akifunguliwa tumboni, ubavu mwembamba huungua kabla mgongo haujaiva. Kisha maji ya chumvi. Tuna chumvi ya Uvinza karibu, imetengenezwa huko kwa karne nyingi kutoka chemchemi zake: gramu 150 kwa lita moja ya maji, yai bichi likiwekwa humo lielee. Samaki akae nusu saa, atoke, atundikwe kivulini penye upepo mpaka ngozi iwe kavu ukigusa. Akienda motoni akiwa amelowa, moshi hugeuka masizi juu ya maji, akawa mweusi na mchungu.

Moto wenyewe ni wa awamu mbili. Saa ya kwanza uwe na nguvu, nyama iive na kushikana. Kisha toa kuni, acha makaa, funika kwa gunzi la mahindi au kuni ngumu zilizokauka, moshi mwepesi uendelee saa tano hadi saba, samaki wakigeuzwa mara mbili tatu. Kuni za misonobari zina utomvu, zisitumike, wala mbao zenye rangi au dawa. Samaki aliyefanikiwa ana rangi ya asali, siyo ya lami. Nasema hivi kwa sababu sokoni weusi unachukuliwa kuwa dalili ya ukavu. Vunja mkia uangalie ndani: nyama iwe kavu, imepangika, hainati vidoleni.

Huyu akifika Tabora karanga zinamsubiri, na sijui chakula kinachofaa zaidi. Samaki wawili wa moshi wa wastani, mwagie maji ya moto, suuza, toa mfupa wa kati, vunja vipande vikubwa. Kikombe kimoja cha karanga zilizosagwa kifumuliwe kwanza kwenye vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu. Ukizitia karanga kavu kwenye mchuzi unaochemka zitafanya madonge. Kaanga kitunguu, nyanya mbili, mimina karanga, koroga mfululizo mpaka uchemke, la sivyo zitashika chini na sufuria nzima itanuka kuungua. Ukishachemka punguza moto, weka samaki, dakika kumi na tano hadi ishirini, mpaka mafuta ya karanga yaelee juu. Chumvi ni ya mwisho kabisa, na mara nyingi haihitajiki.

Kuhe ni wa kuzungumziwa kwa heshima. Katika jamii kubwa ya samaki walio ndugu wa perege, huyu ni mmoja wa wakubwa kabisa duniani, na hapatikani kwingine ila Ziwa Tanganyika. Nyama yake ni nyeupe, imara, ina utamu wa mbali, na miba yake ni michache. Achomwe juu ya mkaa uliotulia, amekatwa mistari, chumvi na ndimu kidogo tu, ngozi ikiwa imepakwa mafuta asishike. Au vipande vya mchuzi mwepesi. Hapa ndimu inamsindikiza, haimfichi. Kuhe hutaga mayai chini, mume na mke wakalinda mayai na watoto wao pamoja. Wanaowavua wakiwa juu ya kiota wanachukua wazazi na kuacha kizazi kizima kwa wezi wa majini. Mnunuzi akikuta mwenye mayai mengi tumboni anaweza kumwambia muuzaji kwamba hataki, na muuzaji atasikia.

Sangala husemwa sana, nami nitasema kidogo. Ni ndugu wa mgebuka na wa sangara wa Mwanza. Ziwani kwetu ukoo huo una aina nne, na mgebuka ni mmojawapo. Wakubwa wana mafuta mengi tumboni, kwa hiyo wafae supu: kichwa kilichopasuliwa katikati, matamvua yametoka, maji baridi, moto mdogo dakika arobaini, povu likienguliwa, tangawizi kidogo, chumvi. Kumkaanga sangala mwenye mafuta ni kumwongezea mzigo.

Kambale na singa hawana magamba, na ute wao nao hushika harufu ile ya tope niliyoanza nayo. Wasugue kwa majivu au chumvi ya mawe, wamwagie maji ya moto, wakwangue mpaka ngozi ikwaruze. Kambale wa bwawa akipatikana akiwa hai, awekwe kwenye pipa la maji safi yanayobadilishwa, bila chakula, siku tatu au nne. Sehemu kubwa ya tope itamtoka mwenyewe kupitia matamvua. Asiyepata nafasi hiyo amvue ngozi, akate ile nyama nyeusi ya ubavuni, vipande vikae kwenye ukwaju au ndimu na chumvi dakika ishirini, vioshwe. Tena apikwe mpaka aive kabisa hadi mfupani, kwani samaki wa maji yaliyotuama anaweza kubeba minyoo. Kwa moshi mzito wa Tabora kambale huwa mzuri kuliko akiwa mbichi, na hapo nawapa watu wa Unyamwezi haki yao.

Perege wa Malagarasi, baadhi yao hawapatikani kwingine isipokuwa bonde hilo, hukosewa kwa jambo moja dogo. Ndani ya tumbo lake kuna utando mweusi mwembamba kama karatasi. Watu huosha tumbo na kuuacha. Utando huo ni mchungu. Usugue kwa chumvi na kidole gumba mpaka tumbo liwe jeupe. Kifuko cha nyongo, kijani, kiko karibu na ini. Kisu kiingie kidogo kisikitoboe, na kikitoboka osha hapo hapo, usingoje umalize wengine.

Jambo jingine la kuzingatia ni mwezi. Taa za wavuvi hazina nguvu mbele ya mbalamwezi, samaki hakusanyiki kwenye taa iliyozidiwa na anga. Siku za mwezi mpevu wavuvi wengi hupumzika, na samaki mbichi huwa haba. Kwa hiyo anayeuziwa "mbichi wa leo" mwezi ukiwa umejaa ana kila sababu ya kufungua matamvua na kuangalia. Siku hizo nunua wa moshi au mkavu. Vivyo hivyo ziwa linapofungwa, kama mwaka 2024 lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, mgebuka mbichi sokoni aulizwe alikotoka na ni wa lini.

Ombi langu kwa gazeti, Ndugu Mhariri, ni dogo na linatekelezeka. Kila mnapochapisha pishi lenye neno "samaki", andikeni jina lake: mgebuka, kuhe, kambale, lumbu. Andikeni kama ni mbichi, wa moshi au ng'onda, yaani mkavu wa juani, maana maji, chumvi na dakika hubadilika kwa kila mmoja. Pishi lililochapishwa kwa ajili ya changu, likisomwa Ujiji na mwenye mgebuka mkononi, litamwambia achemshe dakika ishirini na tano na akoroge.

Wenu,
Msomaji, Ujiji, Kigoma